Kumsikilizia Amos

Fall River, Jumatatu, 1 Oktoba 1906

Daktari wa Boston alitueleza Ijumaa jambo ambalo tulishalijua: sikio la kulia la mume wangu Amos limekufa, na la kushoto liko njiani. Akatutoza kwa habari hiyo. Amos alicheka treni nzima. "Sikio la kufa halisikii dawa, Zillah," ananiambia, kwa sauti iliyofanya behewa zima litugeukie. Hajui tena kama anapayuka au ananong'ona. Hilo peke yake litatuumbua.

Leo ndiyo Jumatatu ya kwanza ya msimu. Wasanii wapya wameshuka asubuhi na masanduku yao, mbwa wao na homa zao. Saa nane wanapanda jukwaani, na onyesho la mchana likiisha Amos, kama meneja wa ukumbi, lazima akae aandike ripoti: nani kachekesha, nani kachosha, nani kapigiwa makofi na kwa muda gani, nani anastahili mshahara wake. Ripoti inapanda treni ya jioni kwenda ofisi kuu Boston. Kule wanainakili na kuwapelekea mameneja wote wa kampuni, nasi tunaletewa za kwao. Mistari mitatu ya meneja wa Fall River inaweza kumlisha mtu hadi kiangazi au kumrudisha kwao.

Sasa niambie, nani atamwacha kiziwi aandike mistari hiyo? Wakijua tu, tumetoka. Vyumba hivi juu ya ukumbi wa Regina ni vya kampuni, hata kitanda. Tutarudi kiwandani, yeye kufagia na mimi kufuma, na kifua changu hiki kimeshajaa pamba ya kutosha.

Leo sikio la kushoto limemsaidia kidogo. Ameandika kwa kubahatisha.

Jumatatu, 8 Oktoba

Tumepata njia. Ni rahisi hadi nimejiona mjinga kutoiona mapema. Kwenye mitambo ya kufuma hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo kila mfumaji wa mji huu anasema kwa midomo bila sauti na kusoma midomo kutoka upande wa pili wa chumba. Amos aliingia kiwandani akiwa mtoto, akajifunza kama sisi. Kelele zilizomfundisha kusoma midomo ndizo zilizomla masikio.

Basi nimekaa kwenye kibanda cha pembeni, karibu na jukwaa, na yeye kwenye kiti chake cha siku zote upande wa pili. Kila neno la jukwaani nimempa kwa midomo. Watu walipocheka nilimwambia "wanacheka", na yeye akacheka, amechelewa kidogo tu, kama mtu mzito wa kuelewa. Kuna mameneja wengi wazito wa kuelewa. Hakuna atakayeshtuka.

Jumanne, 9 Oktoba

Midomo inaniuma kama niliyekula ndimu siku nzima.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mvua tangu Alhamisi. Ukumbi unanuka makoti mabichi. Jana Amos aliitwa mara tatu na Ignace Thibodeau, mpiga piano wetu, asigeuke. Ignace akanitazama mimi. Simwamini Ignace. Mtu anayesikia hadi uzi wa piano unaolegea hawezi kukosa kusikia jambo kama hili.

Jumatatu, 5 Novemba

Leo baada ya onyesho Amos amekaa na kalamu, akaniuliza, "Yule wa ngazi na ndoo, walimcheka sana au kiasi?"

"Sana."

"Sana kama wa juzi, au zaidi?"

Nikasema zaidi. Akaandika zaidi. Halafu, "Na wale dada wawili, wanaimba vizuri?"

Ndipo nikatambua kwamba ananiuliza mimi. Maneno naweza kumpitishia, lakini uzuri wa sauti siwezi kuupitisha kwa midomo. Lazima niamue mwenyewe kisha nimwambie. Nilisema wanaimba vizuri. Wamevaa nguo zilizopigwa viraka kwapani na nimewaonea huruma. Wote wanane wa wiki hii nimewapitisha. Nimelala kama mtu aliyetoa sadaka.

Jumatatu, 19 Novemba

Barua kutoka Boston. "Bw. Ormerod, ripoti zako zimekuwa tamu mno. Dada wawili uliowasifu, Lowell imewaita paka na Providence imewafunga, yaani imewaondoa jukwaani, Jumatatu ileile. Ama watu wa Fall River wamepewa masikio tofauti na ya wengine, au wewe." Amos ameisoma mara mbili, uso umekuwa mweupe. Anadhani wamejua. Hawajajua. Ni kejeli tu za mtu aliyeshiba. Lakini sadaka imekwisha. Mwenye kulinda chungu chake hagawi mchuzi.

Jumatatu, 3 Desemba

Nimewakata watatu kwenye ripoti. Mbwa wa hesabu, yule Mjerumani na kinanda chake, na mcheza shoka. Boston wameandika: "Afadhali."

Jumatatu, 24 Desemba

Theluji. Wasanii wamekula Krismasi yao kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, pai ya nyama ya nguruwe niliyooka mwenyewe. Walinishukuru kama watoto. Mchana nilikuwa nimemfanya Amos aandike kwamba wawili kati yao hawafai kulipwa zaidi ya wafungua pazia, wale wanaocheza watu wakiwa bado wanatafuta viti. Walikula pai, nami nikawatazama wakila. Sikuona aibu. Niliona kwamba yule mrefu anakula kwa pupa, nikajiambia, ndivyo anavyocheza pia.

Sikuwa mtu wa namna hii mwezi wa kumi.

Jumatatu, 14 Januari 1907

Ngoja niliandike hili vizuri.

Wiki hii tunaye Barney Feeney, mzee wa kusimulia visa peke yake, bila kinanda, bila kofia ya kuchekesha, kiti tu na yeye. Uso ameunyoa safi. Midomo yake inasema kila herufi kama mwalimu wa shule. Nilipoanza kumpitishia Amos maneno, nikaona hanitazami. Anamtazama Feeney! Anamsoma mwenyewe kutoka jukwaani, moja kwa moja, na anacheka kwa wakati wake, kicheko chake cha zamani kile cha kutikisa mabega. Nilikuwa nimekisahau.

Lakini aliyecheka ni yeye tu. Jumamosi viwanda vimetangaza kukata mishahara, na watu walioingia leo waliingia kwa sababu nyumbani hakuna makaa. Wamekaa na makoti yao kama walio msibani. Hata angeshuka malaika kuwatekenya wasingecheka. Nilijua hivyo. Kila mtu Fall River anajua hivyo. Boston hawajui na hawatauliza.

Jioni Amos ameshika kalamu, uso unang'aa. "Huyu mzee tumpe nafasi ya pili kutoka mwisho," anasema. Hiyo ndiyo nafasi ya wafalme.

"Hawakucheka, Amos."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ilikuwa kama kanisani."

"Mbona mimi nimecheka?"

"Wewe si watu."

Nilidhani atabisha, na nilitaka abishe. Kisha akaandika niliyomtajia: visa vimechakaa, mzee amechoka, ukumbi ulibaki kimya, ninashauri aondolewe. Ameniamini mimi kuliko macho yake mwenyewe.

Jumanne, 15 Januari

Simu ya maandishi imefika kutoka Boston: Feeney afungwe leo. Kwenye kazi hii mtu hafukuzwi kwa maneno. Anarudishiwa picha zake zilizobandikwa mlangoni, na anajua. Amos amempelekea picha mwenyewe, nami nikasimama mlangoni nisikie ili nimsikilizie.

Feeney amezipokea, akazipangusa theluji kwa mkono wa koti. "Bwana meneja," akasema, "nimefungwa kwenye miji mingi na sijawahi kuuliza kwa nini. Leo nauliza. Wewe mwenyewe nilikuona. Ulikuwa unacheka hadi ukashika ubavu."

Amos amesoma kila neno. Hakunitazama. "Ni kweli," akasema.

"Basi?"

"Basi sikuwa peke yangu ukumbini, baba."

"Kumbe ulikuwa na nani?" Feeney akacheka. "Ukumbi ule ulikuwa na wewe tu na maiti mia tatu."

Ameondoka na treni ya saa nne. Amos hakula mchana. Nilimpikia utumbo kwa vitunguu, chakula anachokipenda, ukapoa mezani.

Jumatatu, 28 Januari

Theluji imefika madirishani. Watu wachache. Nimewakata wawili.

Jumapili, 10 Februari

Kifua. Nikikohoa naona nyota. Amos anasema kesho nisishuke. Nimemwambia nitashuka hata kwa machela.

Jumanne, 12 Februari

Sikushuka. Jana asubuhi nilisimama nikaanguka kwenye beseni, na Amos akafunga mlango kwa nje, akaenda peke yake. Niliusikia ukumbi kupitia sakafu kama mtu anayesikiliza mvua ya nyumba ya jirani. Kuna wakati nikasikia kishindo, pa, pa, pa, cha taratibu, na kitanda kikatikisika. Homa ilinifanya nidhani ni mitambo, nikatafuta uzi wangu kwenye shuka.

Jioni alipanda amefurahi. Aliniambia kwamba Coralie Vance, yule mwimbaji wa mshahara mkubwa aliyeshuka kutoka New York, amepata mapokezi ambayo Regina haijawahi kuyaona. "Zillah, walipiga makofi wote pamoja! Juu na chini! Kwa mpigo mmoja, na miguu! Hawakutaka aondoke!" Ripoti imeshapanda treni. Ameiandika mwenyewe, kurasa mbili, bila kumuuliza mtu.

Nilijua papo hapo.

Watu wa hapa hawapigi mluzi wala hawarushi mayai. Wazee wao walikuja na desturi yao kutoka Lancashire kule Uingereza: mtu akiwachukiza wanapiga makofi polepole, wote pamoja, pa, pa, pa, hadi atoke. Mwenye masikio anasikia chuki ndani yake. Amos ana macho tu, na macho yaliona mikono ikikutana.

Leo asubuhi Ignace amepanda na supu kutoka kwa mke wake. Nimemuuliza habari za Vance. "Sauti ilikuwa imekwisha, mama," akasema. "Ana mafua mabaya. Niliushusha wimbo mara mbili ili aufikie, haikusaidia. Walimzomea kwa makofi hadi pazia likashuka."

"Na Amos?"

"Bwana alikuwa amesimama. Anapiga nao makofi."

Nikafunika uso. Ignace akasema, "Mimi sitasema neno, mama. Nimejua tangu mwezi wa kumi." Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikimchunga mtu asiyetaka kutoroka. Namuomba radhi humu, kwa sababu usoni nilishindwa.

Naweza kumwambia Amos aandike barua ya kusahihisha. Lakini wataomba sababu, na sababu ni moja tu. Ripoti ikishapanda treni haishuki. Nimemwambia Amos ameandika vizuri.

Jumatano, 13 Februari

Coralie Vance amekuja kuniona! Nilidhani ni mwanamke wa manyoya na marashi. Ni mnene, ana miaka arobaini na ushee, pua nyekundu, na amebeba chupa ya sharubati ya vitunguu aliyoichemsha mwenyewe. "Nimesikia tuna ugonjwa mmoja, dada," akasema, au tuseme midomo ilisema, maana sauti hakuwa nayo. Nami kwa kikohozi sikuwa nayo. Tukakaa saa nzima tunaongea hivyo, midomo kwa midomo, kama wafumaji wawili. Nilimsoma bila shida. Sijaongea hivyo na mwanamke mwenzangu tangu nilipotoka kiwandani.

Ana mama yake kule Troy, na hana mtu mwingine. Alisema, "Mume wako ni mtu mwema sana. Kokote kwingine wangenirudishia picha jana. Yeye alisimama peke yake akapiga makofi, watu wote wakinizomea. Sitamsahau hadi nakufa."

Nilikunywa sharubati yake. Nikasema ndiyo, Amos ni mtu mwema.

Jumatatu, 25 Februari

Nimerudi kwenye kibanda changu. Karatasi za Providence zimefika. "Vance: sauti imezikwa. Tumemfunga baada ya onyesho la kwanza. Tungependa kujua bwana wa Fall River alikuwa anasikiliza nini." Na chini, kwa mwandiko wa Boston: kwa sababu ya kurasa mbili za Amos, walikuwa wameshamuongezea mwanamke huyo mkataba hadi Juni.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana Cornelius Pruyn wa ofisi kuu anakuja Jumatatu. Barua haikusema kwa nini.

Jumatatu, 11 Machi

Pruyn amefika saa sita, na nilipomwona tu moyo ukanishuka. Masharubu. Si masharubu ya kawaida, ni pazia zima, yamefunika mdomo wa juu na wa chini, neno linatoka kama panya kwenye nyasi. Amos alimpa mkono, akanitupia jicho. Hasomi kitu.

Kwenye onyesho tulifaulu. Nilifanya kazi kama sijawahi. Amos alicheka panapochekwa, akanung'unika panaponung'unikwa, na Pruyn kando yake hakushuku. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Kisha wakaingia ofisini. Nikaingia na birika la chai kabla mlango haujafungwa, nikasimama kwenye jiko la makaa, nyuma ya kiti cha Pruyn, mbele ya macho ya Amos. Pruyn alinisahau. Watu kama yeye huwasahau wenye mabirika. Kila alilosema nililipeleka kwa midomo, na Amos akajibu kwa utulivu, akiangalia juu kidogo ya bega la mgeni kama mtu anayewaza. Walizungumza kiingilio, taa, mikopo ya makaa. Kisha Pruyn akaweka kikombe chini.

"Ormerod, mimi si mtu wa kuzunguka. Yule Vance alizomewa hapa hadi majirani wakasikia. Nimeuliza. Wewe ukaandika kurasa mbili za mapenzi. Hilo lina maelezo mawili tu. Ama wewe ni kiziwi, ama ulikuwa naye."

Nilimpelekea Amos: "Anazungumza habari za Vance." Basi. Yaliyobaki sikuyapeleka.

"Kiziwi siwezi kumweka kwenye ukumbi," Pruyn akaendelea. "Huyo anaondoka leo na godoro lake. Lakini mwanamume aliyeteleza mara moja, aah, mimi nimezaliwa na mwanamke. Hilo namaliza hapa hapa. Yeye ndiye nitakayemfuta kwenye kumbi zetu zote, maana kampuni hii ni ya watu wenye familia, na wewe unabaki na onyo. Sasa nijibu kiume. Ulilala naye?"

Amos ananitazama, anangoja. Uso wake umetulia kabisa. Anaitazama midomo yangu kama anavyoitazama kila Jumatatu.

Sikuwaza. Ningependa kuandika kwamba niliwaza. Niliona mtambo wa kufuma na kifua changu, nikaona Amos na fagio, nikasema bila sauti: "Anauliza kama ulikosea kwa ripoti ile. Inamisha kichwa. Kubali. Mwambie haitarudiwa."

Amos akainamisha kichwa. "Ndiyo, bwana," akasema. "Nilikosea. Naona aibu. Haitarudiwa tena."

Pruyn akacheka, akampiga begani. "Kumbe bado una damu, mzee!" Akageuka kuchukua kofia, akaniona. Akawa mwekundu hadi masikioni. "Samahani, mama. Sikujua bado upo. Umeyasikia haya yote?"

Nikasema nimeyasikia. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya kuigiza. Akanipigapiga mkono, akaniambia nimsamehe mume wangu, wanaume ndivyo walivyo.

Alipoondoka Amos akaniuliza, "Kwa nini umelia?"

Nikasema ni moshi wa makaa.

Jumanne, 12 Machi

Amos amelala usingizi mzuri. Amenunua samaki wa chumvi na viazi, ameimba akipika. Anaimba vibaya sasa, hawezi kujisikia.

Jumatatu, 18 Machi

Nimewapitisha wote. Amos amesema, "Leo una roho nzuri." Boston waseme wanachotaka.

Jumatano, 27 Machi

Ignace ameniita pembeni. Coralie Vance amefutwa kila mahali, na kumbi za makampuni mengine pia zinamkataa, kwa sababu neno limetangulia. "Wanasema alikuwa na bwana, mama. Hapa hapa, wewe ukiwa mgonjwa juu." Nikamwambia piano imelegea.

Mwanamke huyo alikaa kando ya kitanda changu na chupa ya sharubati. Namjua mama yake kwa jina.

Jumanne, 2 Aprili

Theluji inayeyuka, barabara ni tope tupu. Nimekaa nikaanza barua ya kwenda Troy. Nimeichana.

Jumamosi, 6 Aprili

Mji mzima hauna siri kwa mtu asomaye midomo. Hilo nililisahau.

Amos alikwenda kununua tumbaku. Ng'ambo ya barabara, ndani ya kioo cha duka la pai, wafumaji wawili walikuwa wanakula na kusengenya kwa midomo, jinsi tunavyosengenya sote, tukijua hakuna wa kutusikia. Amos akasimama kwenye tope akawasoma: walikuwa wanamsema yeye na Vance. Mwenye masikio angepita zake.

Amepanda ngazi polepole. Akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Zillah. Yule bwana wa masharubu aliniuliza nini?"

Nikasema kuhusu ripoti.

"Aliniuliza nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, bila sauti, jinsi nilivyopaswa kumwambia siku ile. Alinifanya nirudie. Nilirudia. Akasema, "Tena, polepole," nikarudia mara ya tatu, hadi pale, "Ulilala naye?"

"Nami nikasema ndiyo."

"Ulisema ulikosea."

"Nilisema ndiyo, Zillah, na naona aibu." Sauti yake ilikuwa kubwa mno, nikamwonyesha ashushe. Hakushusha. "Yule mama aliyekuletea dawa?"

"Tungefukuzwa, Amos. Ungefagia! Ungekuwa unafagia chini ya mitambo, na mimi..."

"Na Feeney?" akasema. "Walicheka?"

"Hawakucheka. Hilo lilikuwa kweli."

"Lakini ulijua kwa nini hawakucheka."

Midomo yangu ilikataa kufunguka, na hilo nalo alilisoma.

Jumapili, 7 Aprili

Amekwenda kanisani peke yake, akakaa mahali asipoona mtu anayeimba.

Jumatatu, 8 Aprili

Onyesho la mchana. Nilikaa kwenye kibanda changu tangu mapema. Pazia likafunguka, nikaanza. Mbwa wa kurukia pete, wanacheka. Waimbaji wanne, makofi mazuri. Mchekeshaji wa Kiayalandi, wanacheka sana, Amos, nitazame. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini, amefumba macho. Nilisema na midomo hadi ikakauka. Mama mmoja wa roshani ya juu, mfumaji, alikuwa ananisoma. Nilimwona akimgusa mwenzake, wakanitazama wote wawili.

Pazia lilipofungwa nilikimbilia ofisini. Alikuwa ameshaandika. Hakuificha, aligeuza karatasi nisome:

"Tangu Oktoba sijasikia hata msanii mmoja. Mimi ni kiziwi. Ripoti zote za Regina za msimu huu ni batili, nzuri na mbaya. Barney Feeney ni mchekeshaji bora kuliko wote niliowaona. Coralie Vance alikuwa mgonjwa siku ile, na baina yangu naye hapakuwa na lolote. A. Ormerod."

"Hujanitaja," nikasema.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anavaa koti.

Nikashika mkono wa koti lake, akautoa taratibu, kidole kwa kidole, bila hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira. Akashuka ngazi. Kwa siku nyingine zote barua hupelekwa na mtunza mlango, leo amekwenda mwenyewe.

Nilimfuata bila kofia wala viatu vya tope. Kifua kilinibana pale darajani, nikasimama, nikaendelea. Nilipofika kituoni treni ilikuwa inapumua, na yeye yuko mwisho wa jukwaa, anamnyooshea bahasha mtu wa behewa la barua. Hatua chache tu baina yetu. Nikavuta pumzi yote iliyobaki kwenye kifua hiki nikaita, "Amos!"

Nikaita tena. Wapagazi, akina mama na vikapu, wafumaji waliotoka zamu, kituo kizima kikageuka kunitazama, isipokuwa yeye.